Mdogo wangu, wimbo wa baba unaimbwa na mtu mwingine

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ile namba ya pili naona umeizima. Basi nakuandikia hapa mbele ya watu, maana najua ukurasa huu huwa unausoma usiku ukidhani sijui.

Ijumaa tulimuaga mwenzetu wa ofisini, kwenye kibanda kimoja cha nyama choma hapa Nakuru. Jukwaani alikuwepo kijana wa mugithi, ule muziki wa Wakikuyu, gitaa moja na kofia ya kauboi. Akapita kwa Jim Reeves, akapita kwa Kenny Rogers, watu wakainuka kucheza. Kisha akaingia wimbo wa Kiswahili kuhusu pikapu ambayo mlango wake wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani. Nikaweka mfupa chini. Pikapu hiyo ilikuwa moja tu duniani, ya baba. Alipomaliza alisema ameutunga mwenyewe, wakamtuza noti. Mimi nilikaa kimya. Ningesema nini? Kwamba wimbo ni wa ndugu yangu, na mimi ndiye niliyemkataza kuuimba?

Ulifika saa tano siku ile ya kumzika baba, jeneza likiwa tayari uwanjani. Gitaa mgongoni, na hiyo kofia yako. Nikakupokea langoni. Programu ilikuwa imeshachapishwa, kwaya imeshapangwa, mchungaji ana mazishi mengine saa tisa. Ukasema, "Dada, ni dakika nne tu." Nikakuvua lile gitaa kama mtu anayemvua mtoto begi la shule, nikalifungia stoo pamoja na mahindi. Hukubishana. Ulienda kukaa nyuma na majirani, hema la familia hukuligusa. Jioni mama akauliza, "Kwani kijana hakumwimbia babake?" Ulikuwa umeshapanda matatu. Gitaa ukaliacha.

Lakini na wewe jiulize siku ile nani alikuwa ameshika kila kitu. Bili ya hospitali, mochari, mahema, sufuria za kuazima. Na kabla ya hapo, nani alilipa karo ya chuo cha ualimu, ukafundisha miaka miwili, ukatupa chaki uende kuimba nyimbo za ng'ombe wa Texas, na kwetu hata mbuzi hatuna? Nilikuwa na haki ya kukasirika. Bado ninayo.

Ila juzi nilisoma habari za yule Kris Kristofferson, mtunzi wa nyimbo za country wa Marekani, uliyembandika ukutani. Nilidhani ni mlevi fulani mwenye ndevu. Kumbe alisoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akawa kapteni wa jeshi na rubani wa helikopta, na mwaka 1965 alikuwa amepangiwa kufundisha fasihi ya Kiingereza kwenye chuo cha kijeshi cha West Point. Akaacha. Akaenda Nashville, akaishia kufagia studio za Columbia na kumwaga majivu ya sigara. Mamake akamwandikia barua ya kumkana. Nilipofika hapo nikaweka simu kando. (Mimi sikukuandikia barua. Ulikuwa ujumbe tu, tena mfupi.)

Sasa sikiliza. Sauti ya Kristofferson ilikwaruza, na albamu yake ya kwanza, ya 1970, haikuuza. Nyimbo zake zilibebwa na midomo ya wengine. Mmoja aliuimba Johnny Cash, ukampa mtunzi tuzo ya wimbo wa mwaka 1970 ya CMA, chama cha muziki wa country. Mwingine aliurekodi Janis Joplin, akafa Oktoba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata wimbo ukashika namba moja. Lakini karatasi zilikuwa na jina la mtunzi, na kule Marekani redio za FM zikipiga wimbo hulipa upande wa mtunzi. Mwimbaji haambulii kitu. Dolly Parton naye, watu wa Elvis Presley walimtaka atoe nusu ya haki za wimbo alioutunga ndipo Elvis auimbe. Alikataa, akalia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na pesa zikajua nyumba ya kuingia.

Wewe karatasi ulikuwa unaziita mambo ya dada, karani wa ardhi. Sawa. Nimeona mzee akilima shamba maisha yake yote na hati ina jina la mwingine. Kwa sheria ya Kenya wimbo ni wako tangu ulipouandika au kuurekodi, hadi miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi tu, lakini nimekaa kwenye kesi za kutosha kujua nani hushinda. Ile rekodi uliyomtumia mama kabla ya mazishi inafaa, maana tarehe iko. Mama alinitumia wiki ileile. Sijaifungua mpaka leo.

Yule kijana aliimba beti mbili tu. Wa pili unasema dada ana funguo zote, na watu walicheka sana, hata bosi wangu. Sijui kama huo ubeti umeishia hapo au yeye ndiye aliyeukata.

Gitaa liko stoo, panya hawajaligusa, uzi mmoja ndio umekatika. Na hapo kwenye funguo, ulikuwa unanisifu au unanisema?