Tumbo la mjukuu wangu halikuwa zongo

Mhariri,

Jumamosi iliyopita msomaji mmoja aliandika kwamba mtoto mchanga akivimba tumbo ameingiwa na jicho, yaani zongo, na kosa ni la mamake aliyemtoa nje kabla ya arubaini. Nimefundisha baiolojia miaka 31. Nilisoma barua ile hadi chai ikanipoea mkononi.

Mjukuu wangu alizaliwa hapa Mombasa. Siku ya kwanza hakupata choo, ya pili hakupata, ya tatu akatapika kijani na tumbo likawamba kama ngoma. Zahanati tuliyoanzia ilitupa dawa ya gesi. Nyumbani kila shangazi alisema zongo, nami na ualimu wangu wote nikasimama kando nikitazama mtoto anasomewa na kupuliziwa. Daktari wa upasuaji ndiye aliyeuliza: choo cheusi cha kwanza kilitoka lini?

Ugonjwa alioubaini, wa mwisho wa utumbo kukosa neva, unaitwa kwa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa Denmaki aliyeueleza mwaka 1886. Utumbo husukuma chakula kwa amri ya neva zilizomo katika kuta zake, lakini seli zinazounda neva hizo hazianzii humo. Hutoka kisogoni mwa kiinitete, huingia utumbo wa juu wiki ya 4 ya mimba, na hufika mwisho wake yapata wiki ya 7. Safari yote hiyo hupita katika matriksi, yaani lile tope la nyuzi za protini na utelezi lililojaa baina ya seli.

Shemeji yangu huvua kaa kwenye mikoko ya Tudor, na kwake ndiko nilikoelewa yale niliyokuwa nikiandika ubaoni bila kuyaona. Maji yakipwa, hutanguliza mguu, akashika mzizi wa mkoko, akajivuta, kisha akauchopoa mguu wa nyuma huku akipinda kisigino. Asiposhika hasogei. Akishika asiachie, pia hasogei. Tope humfika magotini na sisi tulio pwani tunamcheka. Seli ni vivyo hivyo. Mikono yake ni protini za juu ya seli ziitwazo integrini, mizizi ya kushika ni protini za lile tope, fibronektini na laminini. Panya ambao seli zao hizi zilinyimwa aina moja ya integrini walikutwa mwisho wa utumbo hauna neva. Na kolajeni ya namna fulani, protini nyingine ya tope hilo, ikizidi, tope huwa zito, msafara ukachelewa.

Seli za mjukuu wangu hazikufika. Kipande cha mwisho kilibana, kila kitu kikarundikana juu yake. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 katika 5,000.

Sasa huyo wa arubaini anijibu: wiki ya 7 binti yangu alikuwa hajamwambia hata mumewe kuwa ana mimba. Alimtoa nje nani?

Ukurasa wako wa afya uandike hili kwa herufi nene: mchanga asiyepata choo ndani ya saa 48, au anayetapika kijani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wetu alikatwa kipande kile, utumbo wenye neva ukavutwa chini ukashonwa. Siku hizi hula viazi karai mpaka namnyang'anya sahani. Bibi aliyemsomea zongo bado ananidai mia mbili zake.

Mwalimu mstaafu,
Tudor, Mombasa