Alama za mikono kwenye ukuta wa shule: wito wa mchango kwa wazazi na majirani wa Katuba

Kwa wazazi wetu, wanafunzi wa zamani, majirani wa komini ya Katuba, sehemu ya jiji letu la Lubumbashi, na ndugu zetu mlioko Likasi, Kolwezi, Kinshasa na ng'ambo.

Pokeeni salamu za komite ya wazazi. Wengi wenu mnaukumbuka ukuta wa shule yetu unaotazama barabara: mita 60 za matofali ya kuchoma, kimo cha mita 2, lipu iliyobanduka kila mahali, na maandishi yaliyomo ni yale tu yanayokataza watu kukojoa hapo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na kiasi cha faini ambayo hatujawahi kumwona mtu akiilipa. Mtoto wa darasa la kwanza anayeanza kuunganisha silabi hulisoma tangazo hilo kabla ya kuufikia ubao wa mwalimu wake. Kwa miaka mingi tulilicheka jambo hilo na kupita.

Mwaka jana, siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotangazwa, vijana wetu waliofaulu walimwagiwa poda nyeupe kama ilivyo desturi, na mama zao wakawasindikiza kwa vigelegele tangu kona ya avenyu hadi kwenye mlango wa shule. Msichana mmoja, aliyekuwa amechoka kwa kucheza, aliegemea ukuta kwa viganja vyote viwili ili apumue. Alipoondoka, mikono yake ilibaki pale, vidole kumi vyeupe, hata mikunjo ya ngozi ikionekana juu ya lipu ya kijivu. Wenzake walipoona hivyo, wakabandika ya kwao kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine. Alama hizo zilikaa kiangazi chote, na tuliwaona wadogo zao wakisimama pale kupima viganja vyao. Mvua za kwanza zilipofika, maji yalizifuta zote kwa asubuhi moja. Mlinzi wa shule, mzee asiyependa maneno mengi, ndiye aliyekuja kwenye mkutano wetu na kusema kwamba mikono ile ilistahili kubaki.

Kutokana na neno hilo tumeamua kuupaka ukuta mzima michoro ya kuwaheshimu wanafunzi wetu, na pamoja na michoro kuanzisha sanduku la kuwasaidia wale ambao ada ya mtihani inawazuia kuufikia mwisho wa masomo. Tunawaomba mchango kwa ajili ya mambo hayo mawili, ambayo tangu mwanzo tumekataa kuyatenganisha, kwa sababu ukuta wenye picha nzuri za wanafunzi, huku mwanafunzi wa kweli amerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa, ungekuwa aibu yetu sote.

Majadiliano hayakuwa mepesi. Wazo la awali lilikuwa kuchora sura za watoto waliopata asilimia kubwa, kila mmoja na jina lake chini. Mama mmoja, muuza ndakala, vile visamaki vikavu, sokoni, ambaye mwanawe alikuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo, alisimama na kuuliza itakuwaje mtoto huyo akianguka mwaka unaofuata, na kama atalazimika kupita kila asubuhi mbele ya sura yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu mmoja aliongeza kwamba sura ya mtoto mdogo haipaswi kuwekwa barabarani bila ridhaa ya wazazi wake, na kwamba hata ridhaa ya leo inaweza kujutiwa kesho. Basi tuliiacha orodha, na kwa maoni yangu mimi ninayeandika barua hii kwa niaba ya komite, uamuzi huo ulikuwa bora kuliko wazo lenyewe.

Badala ya sura na majina, ukuta utaonyesha kazi ya mwanafunzi kama tunavyoiona hapa kwetu: msichana anayengoja zamu yake kwenye bomba, ameketi juu ya bido, yaani dumu la maji, na daftari likiwa magotini; ndugu watatu wanaosoma kwa mwanga wa tochi ya simu umeme ulipokatika; kijana anayerudia hesabu kwa chaki juu ya mlango wa bati. Kila darasa limechora mapendekezo yake kwenye karatasi, na wachoraji watatakiwa kuyafuata. Darasa la nne, kwa mfano, limesisitiza kwamba lazima awepo mwanafunzi anayesinzia, kwa kuwa hilo nalo ni kweli, nasi tumekubali. Mita 8 za mwisho, karibu na mlango mdogo, zitapakwa rangi ya kijani ya malakaiti, lile jiwe la shaba, na kuachwa tupu. Hapo waliofaulu mwaka jana watakuja kuchovya mikono kwenye rangi nyeupe isiyofutika na kuirudisha mahali pake, na kila mwaka wengine watawafuata.

Wapo waliotuuliza kama kuchora ukuta si anasa. Tunawakumbusha kwamba katika Katanga uchoraji ulianza ukutani. Mwaka 1926, huko Bukama, afisa wa Kibelgiji Georges Thiry alivutiwa na nyumba zilizopambwa kwa michoro, akamwomba Albert Lubaki, aliyekuwa akizichora, ahamishie kazi yake kwenye karatasi ili iweze kusafiri. Mwaka 1929 kazi hizo zilionyeshwa Brussels. Zilizobaki kwenye kuta za udongo zilikwenda na mvua, kama mikono ya vijana wetu. Baadaye, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa mjini, wakati ukiitwa Elisabethville, karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar, naye aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya na kuwataka watazame vilivyowazunguka. Humo walitoka Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake iliyopangwa kama ukili wa mkeka, na Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Tena ni nani kati yetu aliyekulia hapa bila kuona picha ya mamba muntu, yule nguva wa hadithi zetu, imetundikwa sebuleni kwa mjomba wake, imechorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga? Tunachotaka kukifanya tumekirithi.

Sasa tuseme habari ya ukuta wenyewe, kwa sababu tuliwahi kukosea. Miaka michache iliyopita tuliupaka rangi kwa haraka, wiki moja kabla ya sherehe, kwa rangi ya bei nafuu ambayo muuzaji alikuwa ameizimua kwa maji kabla ya kutuuzia. Kufikia Pasaka ilikuwa imechuruzika yote, na waliochanga walikuwa na haki ya kutukasirikia. Safari hii tunafuata utaratibu wa mafundi. Lipu mbovu itabomolewa mwanzoni mwa Juni na kupigwa upya, kisha itaachwa ikauke kwa muda wa wiki 4, kwa kuwa rangi inayopakwa juu ya saruji mbichi huota mabaka meupe na kubanduka. Wachoraji wataanza katikati ya Julai, shule ikiwa imefungwa, na watafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi, baada ya baridi kupungua, maana kila mkazi wa Lubumbashi anajua jinsi asubuhi za Julai zinavyouma hapa kwetu. Kabla ya kila siku ya kazi ukuta utapanguswa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Sehemu ya chini, kimo cha nusu mita kutoka ardhini, haitachorwa kabisa: itapakwa rangi nyeusi ya lami kama tunavyofanya kwenye nyumba zetu, kwa sababu mvua ikigonga udongo mwekundu huurusha ukutani, na hakuna mchoro unaovumilia matope ya miezi mitano.

Hesabu ni kama ifuatavyo. Eneo la kupakwa, ukiondoa sehemu ya lami, ni mita za mraba 90, na lita moja ya rangi nzuri hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja. Kwa hiyo mikono mitatu ya msingi peke yake inakula lita 27, kabla hatujagusa rangi za michoro. Saruji, mchanga na fundi wa lipu vitagharimu dola 380. Rangi zote, lami, brashi na rola ni dola 720, na makopo yatafunguliwa mbele ya wanakomite wawili. Wachoraji wawili, vijana wa komini hii wanaoishi kwa kuchora vibao vya saluni na maduka ya dawa, watalipwa dola 300 kila mmoja kwa wiki 3. Tulikataa pendekezo la kuwaomba wajitolee, kwani anayefundisha watoto kuheshimu kazi hawezi kuanza kwa kutolipa kazi. Dola 700 zitaingia kwenye sanduku la mitihani. Jumla ni dola 2,400. Tumekwisha kukusanya dola 310, nyingi zikitoka kwa mama wa sokoni waliochanga franga kidogo kidogo kila Jumamosi, na zinazobaki ni dola 2,090.

Kuhusu sanduku hilo, elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa bila malipo tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anadaiwa pia ada ya kushiriki Exetat. Kila mwaka tunaona watoto waliosoma miaka sita wakikwama mbele ya malipo hayo ya mwisho. Sanduku litawalipia wanaohitaji. Orodha yao itashikwa na prefe wa masomo, mkuu wa sekondari yetu, pamoja na mama wawili waliochaguliwa na wazazi, na haitasomwa mbele ya watu, wala jina la aliyesaidiwa halitaandikwa popote, ukutani wala kwenye taarifa ya mwaka.

Anayechanga atapewa risiti siku hiyohiyo, hata akitoa franga za kununulia brashi moja. Matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa shule kila Ijumaa hadi kazi itakapokwisha. Asiye na pesa anakaribishwa kwenye salongo, kazi yetu ya pamoja, ya kubomoa lipu, Jumamosi ya kwanza ya Juni, aje na nyundo na kitambaa cha kufunga pua. Majina ya wachangiaji hayatachorwa ukutani. Tunajua kwamba wengine wangependelea hivyo, na tunawaomba watuelewe.

Walioko mbali wanaweza kutuma kwa simu kupitia mweka hazina, ambaye namba yake inapatikana ofisini na kwa wawakilishi wa madarasa. Mchango wa lipu tunauhitaji kabla ya mwisho wa Mei, na ule wa rangi kabla ya tarehe 10 Julai. Ofisi ya komite iko wazi kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ingieni kwa mlango mdogo, na mkiwa na makopo matupu nyumbani njooni nayo, kwa kuwa wachoraji wamesema watahitaji yasiyopungua 20 ya kuchanganyia rangi.