Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mchezaji Asikilizwe Kabla ya Kuadhibiwa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wachezaji wa mpira wa miguu,

Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Ada bado zinasuasua, hasa kwa wenzetu wanaocheza mikoani. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililoninyima usingizi mwaka huu.

Siku moja ya mwezi wa Ramadhani, kiungo mmoja mwanachama wetu alifika nyumbani kwangu Magomeni kabla ya futari. Viatu vyake vya mpira alikuwa amevitia kwenye mfuko wa rambo, kwani asubuhi hiyo alikuwa ametolewa kambini. Barua aliyopewa ilikuwa ya mistari minne: amesimamishwa kwa muda usiojulikana, bila mshahara, kwa utovu wa nidhamu nje ya uwanja. Kosa lenyewe halikutajwa. Mitandaoni ndiko alikosoma kwamba anadaiwa kumpiga mtu Sinza. Miezi mitatu ikapita hajaitwa kuhojiwa. Polisi walipofunga jalada, akapigiwa simu arudi mazoezini kesho yake. Mshahara wa miezi ile anaudai mpaka leo.

Sisemi hana hatia kwa kuwa ni mwenzetu, sikuwepo Sinza. Lakini hata aliyedai kupigwa hakuitwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Klabu haikumtafutia haki yeyote kati ya wawili hawa. Ilitaka kelele zitulie tu.

Sheria zetu haziko kimya. Katiba, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinamruhusu mwajiri kumsimamisha mfanyakazi kupisha uchunguzi, ila kwa mshahara kamili. Mchezaji ana mkataba wa ajira kama karani wa benki. Sioni kwa nini yeye atolewe nje ya sheria hizi.

Wenye ligi tajiri nao wamejikwaa hapa. Marekani, mwaka 2014, ligi ya NFL, ile ya mpira wa Kimarekani, ilimfungia mchezaji Ray Rice mechi mbili kwa kumpiga mchumba wake. Video ya tukio ilipovuja na watu kuwaka, ikamfungia tena bila kikomo. Jaji mstaafu Barbara Jones aliifuta adhabu ya pili, kwa kuwa kosa lilikuwa lile lile na Rice hakuwa ameidanganya ligi. Mimi naona yule mchumba alidhulumiwa mara ya kwanza, kwa mechi mbili zile, na utaratibu ukavunjwa mara ya pili. Uingereza, klabu ya Manchester City iliacha kumlipa beki wake Benjamin Mendy aliposhtakiwa kwa ubakaji mwaka 2021. Mwaka 2023 mahakama ikamwona hana hatia, na Novemba 2024 baraza la kazi likaamua alistahili sehemu kubwa ya mishahara ile. Nani kati yetu angeweza kusubiri miaka mitatu kwa akiba yake?

Kamati ya utendaji imeandaa kipengele cha kuingizwa kwenye mikataba yetu. Tuhuma iandikwe wazi. Mlalamikaji na mchezaji wasikilizwe wote, mbele ya mtu asiye kiongozi wa klabu, ndani ya siku 14. Mchezaji akae pembeni ikibidi, lakini alipwe. Akithibitika amemuumiza mtu, aadhibiwe sawasawa. Chama hakitamkingia kifua.

Naomba mkipitishe leo, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Wenye mikataba inayoisha msimu huu wasiondoke: wakili wetu atakaa meza ya nyuma mpaka magharibi, na kila mmoja amwoneshe nakala yake.