Kwa vijana wa bendi zetu Malindi: spika haina mapafu

Wanangu mnaopuliza klarineti hapa mjini, na wenzenu wa tarumbeta na saksafoni,

Assalaam alaykum. Nimelala na hasira, nikaamka nayo, nikaona afadhali niandike.

Kwenye ile harusi ya juzi mlinikalisha ubavuni pamoja na wazee, nyuma kidogo ya spika. Heshima nzuri, ahsanteni. Ila ubavuni ndiko mtu anakoona mgongo wa klarineti. Mpigaji wenu wa mbele kafumba macho, anayumba, na spika inamwaga sauti za juu, nyororo, hazina dosari. Mimi namtazama kidole gumba cha kushoto. Kimetulia tuli. Kitufe cha nyuma hakikuguswa tangu wimbo uanze mpaka uishe, na klarineti haipandi juu mpaka gumba libonyeze pale. Mwenzake wa pili alikuwa na ridi kavu, kile kijibati cha tete kinachotetemeka mdomoni, haijaonja mate. Mmechukua muziki uliorekodiwa na watu wengine, mkauchezea vidole.

Na watu wakatuza! Noti za mia mbili zikabandikwa vipajini, vigelegele, simu juu. Mlipokea sifa za mtu msiyemjua jina.

Nisingeandika kama mngekuwa hamna uwezo. Mmoja wenu nimemsikia jioni akipiga peke yake nyuma ya msikiti, sauti bado ina kokoto ndani yake lakini ni yake. Huyo huyo ndiye aliyekuwa anayumba mbele ya spika. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi nimezaliwa Shela, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Klarineti sikuijua utotoni. Nilijua zumari. Mzee aliyepiga harusini kwetu alikuwa akijaza mashavu, akivuta hewa puani huku akisukuma ya mashavuni, na sauti haikatiki hata watu wanaocheza wakachoka wao. Nilipoingia bendini nikapewa klarineti nilidhani nitapewa na wimbo. Mwalimu wangu, askari mstaafu asiyecheka, alinipa noti moja. Mi ya chini kabisa, vidole vyote vimeziba. Anasema, “Ianze pasipo kitu, ikue, kisha irudi pasipo kitu.” Anaondoka, anakunywa chai yake, anarudi. “Tena.” Kesho yake, ile ile. Nililia kwa hasira, wallahi, wala hakunibembeleza.

Hii sauti ndefu ndiyo kazi yenyewe, wanangu, na ndiyo mnayoikimbia. Mnataka kuuza halua bila kusimama motoni kuikoroga. Mnaanzia kwenye mbio, kwenye mapambo, kwenye kile kipande kinachopendeza kwenye simu. Basi nieleweni vizuri. Klarineti ina tabia yake: ukipuliza kwa nguvu, sauti huelekea kushuka, ukipuliza kwa upole, huelekea kupanda. Asiyefanya sauti ndefu hataisikia tabia hiyo hata akipiga miaka kumi, atabaki kuwalaumu wenzake kwamba hawako sawa. Halafu kuna lile joto letu la mwezi wa pili. Chombo kikipata joto sauti hupanda. Inabidi uchomoe kidogo kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa klarineti ili urudi kwa wenzako. Utajuaje kama husikilizi? Na pale unapovuka kutoka noti ya la ya katikati, ambako vidole karibu vyote viko hewani, kwenda noti ya si inayotaka vyote viteremke kwa pamoja, hapo ndipo wengi wenu hukwaruza. Dawa yake ni polepole, kila siku, noti mbili tu, mpaka jirani aje kulalamika. Akija mpe chai.

Tena sikilizeni jinsi msomaji wa Qur'ani anavyoipanga pumzi yake mpaka mwisho wa aya. Silinganishi Kitabu na muziki, Mungu apishe mbali. Nasema pumzi.

Kulikuwa na mtu Ujerumani, Richard Mühlfeld. Aliingia okestra ya Meiningen kama mpiga fidla, akajifunza klarineti mwenyewe, akafika kuwa mpigaji wa kwanza. Mwaka 1891 Johannes Brahms, mtunzi ambaye tayari alikwisha sema basi, anapumzika, alimsikia akipiga. Mwaka huo huo akatunga kazi mbili zenye klarineti ndani yake, ya watu watatu na ya watu watano, na mwaka 1894 akaongeza sonata mbili, yaani tungo za klarineti na piano. Mzee mzima aliacha kustaafu kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja. Wepesi wa vidole walikuwa nao wengi wakati ule.

Na mtunzi Mozart, huyo mnayempenda kwa vipande vya sekunde thelathini, konseto yake ya klarineti, yaani utungo wa klarineti ikiongoza mbele ya okestra, aliitunga mwaka 1791 kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, na kabla mwaka haujaisha alikuwa kaburini. Sehemu ya pili, ile ya polepole, noti zake hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anazisoma. Kuzipiga ni habari nyingine. Mwaka jana mmoja wenu aliipiga hotelini kwa mwendo wa chakacha kwa sababu pumzi haikumfikisha mwisho wa sentensi. Watalii walimpigia makofi. Watalii humpigia makofi kila mtu.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni kusoma noti. Futeni chombo ndani kila mkimaliza. Ridi ziwe kadhaa, mzipokezane, msingoje moja ife. Msiazimane midomo ya klarineti. Mkiambiwa saa mbili mfike saa moja na nusu. Deni la mwenzako lilipe. Na acheni kupiga picha ufukweni na chombo mkononi: chumvi hula springi za vitufe, na mti ukitoka kwenye kivuli ukaingia juani ghafla huweza kupasuka.

Mti wenyewe, mnaujua? Klarineti nzuri nyingi zinatokana na mpingo, ule mpingo wa kusini, Tanzania na Msumbiji. Unakatwa kwa jirani, unapelekwa Ufaransa, unatobolewa, unatiwa vitufe, unarudi kwetu kwa bei ya pikipiki mbili. Kisha mnaushika harusini kama pambo.

Lakini lawama si yenu peke yenu. Baba wa bibi harusi analipia mahema, jenereta, ng'ombe, na mpiga picha wa droni, halafu kwa wapigaji ndipo anapokumbuka hali ya uchumi. Akiambiwa watu sita, anasema leteni wawili na spika. Mzazi akimkuta mtoto anapuliza anamwuliza ataoa kwa hilo bomba? Vyombo huletwa na wafadhili, watu wanapigwa picha, hotuba zinatolewa, na baada ya mwaka vimefungiwa stoo kwa sababu mwalimu wa kuvifundisha hakuna aliyemfikiria. Wazee wa zumari wamekwenda mmoja mmoja, na ile pumzi ya puani wamekwenda nayo, hakuna aliyekaa mbele yao akauliza, “Mzee, unafanyaje?” Nasi watu wazima tulikuwepo, tunatazama.

Basi Jumamosi baada ya alasiri nipo kibarazani. Njooni na klarineti, bila spika. Nitawapa mi ya chini, mmoja mmoja, na chai mtanywa nyinyi nikiwa nasikiliza. Nina ridi kidogo, za kuanzia zitatosha. Baada ya hapo kila mtu anunue zake, na pesa mnazo, nilizihesabu vipajini mwenu. Anayekuja kwa pikipiki asifunge klarineti kwenye keria, aipakate.