Redio ndiyo iliyoufungulia soul mlango Uingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye redio wa Mbeya na Iringa jinsi muziki wa soul wa Marekani ulivyopenya Uingereza. BBC ilibanwa na makubaliano yake na kampuni za kurekodi na chama cha wanamuziki: saa za kupiga santuri zilikuwa chache, muda uliobaki ukajazwa na bendi za studio. Radio Caroline (Machi 1964) na Radio London (Desemba 1964) zikatangaza kutoka melini, nje ya bahari ya nchi, zikipiga santuri, zikiwemo za soul, mchana kutwa na kurudia wimbo hadi msikilizaji aushike. Machi 1965 lebo ya Tamla Motown, ya kutoa santuri za soul za kampuni ya Motown ya Marekani, ikazinduliwa huko Uingereza. Agosti 1967 sheria ikazipiga marufuku redio za melini; Septemba 30 BBC ikaanzisha Radio 1, stesheni yake ya muziki wa vijana, ikachukua baadhi ya watangazaji walewale.

Kwetu, inasikitisha, wimbo wa kijana wa Tukuyu au Mafinga hupigwa mara moja usiku, mtangazaji akiongea juu yake, jina halitajwi. Hauwezi kushika. Upigeni mchana, mara tatu kwa siku, wiki nne mfululizo. Tajeni msanii kabla na baada ya wimbo, na mseme unapatikana wapi.

Msomaji wenu,
Mwanjelwa, Mbeya