Pedali ikishuka, fungueni dramu za nyuma kabla ya kununua masta silinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye pikapu za zamani, zile zinazoshusha viazi kutoka Isyonje hadi Uyole na ndizi kutoka Tukuyu. Nyingi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaoziendesha. Pedali ya breki ikianza kushuka, mwenye gari anaambiwa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, imekufa. Ananunua, inafungwa, na pedali inabaki palepale. Mara nyingi ugonjwa uko nyuma, ndani ya dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ambalo hakuna aliyejisumbua kulifungua.

Kipimo cha kwanza hakitaki hata spana. Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki uone pedali inashuka umbali gani. Halafu vuta hendibreki hadi mwisho, ukanyage tena. Hendibreki inazisukuma shuu za nyuma, vile vipande vya nusu duara vinavyobana dramu kwa ndani, zilifikie dramu, kwa hiyo pedali ikikutana na mguu juu zaidi kuliko mwanzo, jua shuu zilikuwa zimekaa mbali. Hapo kinachotakiwa ni kurekebisha ajasta, kifaa kinachozisogeza shuu karibu na dramu. Pedali laini kama sponji ina upepo kwenye mabomba. Masta silinda ishukiwe pale unapokanyaga bila kuachia na pedali ikaendelea kuzama taratibu, huku hakuna tone lililovuja kwenye gurudumu lolote wala mafuta kupungua kwenye chupa.

Wengi huuliza: ajasta si inajirekebisha yenyewe? Inajirekebisha, ila kwenye pikapu nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 inazungushwa na hendibreki. Ukiivuta, kikono kilichopo nyuma ya sahani ya breki, lile bati lisilozunguka linaloshika shuu, kinasukuma kijiti cha ajasta, na laining, yaani tabaka la kusugua lililo juu ya shuu, ikiwa imelika, nyota (kigurudumu chenye meno cha ajasta) inapanda jino. Sasa huku kwetu gari linaegeshwa kwa gia na jiwe chini ya tairi. Hendibreki haiguswi mwaka mzima, tope la Umalila linajaa kwenye kikono, kutu inakishika, ajasta inalala usingizi. Kifungue, pini yake isuguliwe kwa msasa na kupakwa grisi, na kipira cha kuzuia vumbi kikiwa kimechanika kibadilishwe. Hendibreki ikiachiwa, kikono lazima kirudi chenyewe mpaka mwisho. Kikiishia njiani, shuu zitasugua safari nzima na utasikia harufu ya kuungua kabla hujafika mjini.

Kufungua dramu lenyewe, zuia magurudumu ya mbele, nyanyua kwa jeki, weka stendi za chuma chini ya ekseli na uachie hendibreki. Tofali si stendi. Dramu likigoma, msilipige nyundo ukingoni, maana ni chuma cha kumimina na kinapasuka. Usoni lina matundu mawili yenye nyuzi. Weka bolti mbili za milimita 8, kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, litasogea. Lisiposogea, shuu zimechimba zikaacha ukingo. Toa kizibo cha mpira kwenye sahani, ingiza bisibisi mbili, moja izuie kijiti cha ajasta na nyingine irudishe nyota nyuma.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa. Laining za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi hilo linaua mapafu polepole. Lioshe kwa maji.

Kisha tafuta unyevu. Kunja kwa ukucha ukingo wa kipira cha vumbi kwenye wili silinda, silinda ndogo inayosukuma shuu. Ndani panatakiwa pawe pakavu. Pakiwa na majimaji, vipira vya ndani vimekwisha. Ukikuta laining imelowa, usikimbilie kulaumu silinda. Chovya kidole kwenye uchafu huo, kitie kwenye maji: mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kutoka, oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, inaelea na kubaki imeng'ang'ania kidoleni, tena ina ile harufu yake kali ya kiberiti. Ikiwa ni ya difu, oili sili ya ekseli imechoka, na kabla ya kuibadilisha angalia kipumulio kilicho juu ya difu. Kikiziba kwa tope, joto linajenga msukumo ndani na sili mpya nayo itatema ndani ya muda mfupi. Laining iliyolowa haiponi kwa kuoshwa na petroli wala kuchomwa moto. Nunua seti, badilisha kulia na kushoto, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Vipimo. Laining ikibaki milimita 1, imekwisha. Kikomo cha dramu kimeandikwa kwenye dramu lenyewe. Kwa Hilux nyingi za zamani za 4WD dramu jipya ni milimita 295 na kikomo ni 297. Fundi wa leithi akichonga kupita hapo, hata kama uso unang'aa, dramu hilo ni chuma chakavu. Fungua upande mmoja kwanza, mwingine uuache mzima uwe mfano wa springi ipi inakaa wapi. Pale shuu zinapogusa sahani kuna sehemu 3 kwa kila shuu, zisugue na uzipake grisi ya joto kali, kiasi kidogo tu. Kurudisha, kaza nyota mpaka gurudumu ligome kwa mkono, kisha irudishe meno 5 hadi 8, mpaka lizunguke likisikika kukwaruza kwa mbali.

Gurudumu linaloshika breki lenyewe lina mtego wake. Legeza nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo: gurudumu likiachia, mafuta yalikuwa yamenaswa, lisipoachia, tafuta waya wa hendibreki, kikono au springi iliyokatika. Yakishika yote mawili ya nyuma kwa pamoja, tazama paipu ya mpira inayoshuka kwenye difu. Ni moja inayolisha pande zote, na huvimba kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Silinda ikivuja, kuna mafundi wanaopondaponda bomba la nyuma au kuliziba kwa kipande cha bolti, gari linaondoka na breki za mbele peke yake. Likiwa tupu mjini dereva haoni tofauti. Likiwa na magunia ya lumbesa, uzito wote umekaa nyuma, na kwenye mteremko wa Kitonga breki za mbele zinabebeshwa kazi ya magurudumu yote manne. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yaliyokwisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka, pedali inakwenda sakafuni.

La mwisho ni valvu iliyopo juu ya ekseli ya nyuma, inayoongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, yenye fimbo inayopima gari limelala kiasi gani. Mkiongeza springi, mwili unapanda, na valvu inaamini gari ni tupu hata likiwa limejaa, hivyo inabana breki za nyuma. Ukipandisha mwili kwa sentimita 5, kishikio cha fimbo kwenye ekseli nacho kipandishwe sentimita 5. Kuifunga fimbo juu kwa waya si dawa, kwani siku gari likiwa tupu na lami imelowa, magurudumu ya nyuma yatagoma na mkia utakupita. Valvu hiyo ina nipeli yake pia. Wakati wa kutoa upepo, anza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, maliza mengine, kisha valvu iwe ya mwisho. Wengi huisahau, halafu wanarudi dukani kununua masta ya pili.

Fundi magari,
Uyole, Mbeya