Karata za taroti zina wachoraji, mhariri tuonyesheni na picha

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya juzi kuhusu karata za taroti, zile za picha ambazo wengine wanapigia ramli, nimeisoma yote, na kilichonikera sio kwamba mnapinga ramli, hiyo ni haki yenu kabisa, ila makala nzima haina hata sentensi moja kuhusu picha zenyewe, nani kachora, lini, kwanini ziko vile. Mmebandika ile karata ya Kifo mkamaliza. Mi sipigi ramli wala sijawahi kumtabiria mtu, mi napenda michoro tu, na kwa muda sasa nakaa na kopi ya seti moja ya ajabu sana inaitwa Sola Busca, jina la familia iliyowahi kuimiliki.

Hii seti ilitengenezwa kaskazini mwa Italia mwishoni mwa karne ya 15, picha zimechongwa kwenye mabamba ya shaba, zikapigwa chapa halafu zikapakwa rangi kwa mkono. Kipindi hicho taroti ilikuwa mchezo wa karata tu, watu wanakaa mezani wanakula kwa turufu, mambo ya utabiri yalikuja kushika kasi karne ya 18 huko Ufaransa. Na imebaki nzima, karata zote 78, turufu 22 na zile 56 za panga, fimbo, vikombe na sarafu, wakati ile maarufu ya Visconti-Sforza yenye dhahabu imebaki na 74 na zenyewe zimetawanyika. Serikali ya Italia iliinunua Sola Busca mwaka 2009 ikaipeleka Brera, jumba la sanaa la Milan. Sasa jiulizeni, serikali inanunua vitu vya kichawi iviweke makumbusho?

Ukiwa umezoea taroti za kawaida hii itakupoteza mwanzoni. Utatafuta Wapenzi hawapo, utatafuta Kifo hakipo, badala yake turufu zimejaa mashujaa na watawala wa kale, Mario, Catone, Nabuchodenasor, majina yameandikwa humohumo kwenye picha. Nerone, yaani Nero yule wa Roma, kamning'iniza mtoto mchanga juu ya moto. Kuna Mato, ndo mjinga wa seti hii, anapuliza zumari lenye mfuko na kunguru katua begani kwake. Nimemwangalia sana huyu jamaa na kila nikirudi kwake nabaki najiuliza kunguru anasikiliza au anasubiri kitu.

Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuijua seti kama hii, kile kijitabu kinachoeleza maana ya kila karata weka pembeni kwanza. Ukianza na kijitabu macho yanalala, unaona "panga tatu" unakimbilia kusoma kwamba ni huzuni basi umeshaacha kuangalia. Chukua karata moja, ikae mbele yako, angalia mikono inafanya nini, angalia mchongaji kaweka wapi mistari mingi na wapi kaacha peupe, kesho chukua nyingine. Halafu, na hapa ndo utamu ulipo, ilinganishe na seti nyingine.

Mfano, seti ambayo watu wengi duniani wanaijua ilichorwa na mwanamke anaitwa Pamela Colman Smith, ikatoka London mwaka 1909. Miaka miwili kabla, 1907, picha za kamera za Sola Busca zilikuwa zimefika British Museum, London hiyohiyo. Weka Tatu ya Panga ya Smith pembeni ya ile ya kale, zote ni moyo umechomwa na panga tatu! Ila Smith kaongeza mawingu ya kijivu na mvua nyuma yake, na ile mvua inabadilisha kila kitu, kwa mchongaji wa kale ni kama alama, kwa Smith inauma. Au Kumi ya Panga ya Sola Busca, mtu kainama na tita la panga, Smith kamchukua mtu huyo akamhamishia kwenye Kumi ya Fimbo, akamficha uso nyuma ya mzigo na kumwekea nyumba kule mbele anakoelekea. Katika seti nyingi za zamani karata za namba hazina watu, ni vikombe vitatu au sarafu sita zimepangwa tu, kwahiyo alichokikuta Smith mle sio kitu kidogo. Na jina lake kwa miaka mingi halikutajwa, watu walitaja mchapishaji Rider na Waite aliyemwagiza kazi, wakati saini yake iko palepale kwenye pembe ya karata, herufi zimesukwa pamoja, ukiangalia kwa makini unaiona.

Haya yote yangeingia kwenye makala yenu, na onyo la ramli mngeliacha palepale, wala lisingepungua. Naomba ukurasa wa sanaa mtuwekee hizo Tatu ya Panga mbili, ubavu kwa ubavu, kwa rangi tafadhali na kwa ukubwa unaosomeka, mwandike na majina ya karata na mwaka chini yake. Smith alifariki 1951 na mchongaji wa Sola Busca karne nyingi zilizopita, kwahiyo hata suala la hakimiliki ya michoro yao lisiwape shida.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.